Kusomea Historia Shambani kwa Mlowezi

Kwenye mteremko wa Hyrax Hill, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji la Nakuru, kuna vishimo vya duara ambavyo mgeni huvipita bila kuviona. Nyasi zimevifunika. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba hapo mwaka 1937 na 1938 alivichukulia kuwa makao ya watu. Miaka mingi baadaye mwanaakiolojia mwenzake, John Sutton, alivichunguza upya, akavilinganisha na vingine vya namna hiyo katika nyanda za juu za magharibi, akafikia jibu jingine: yalikuwa mazizi. Waliolala shimoni ni ng'ombe. Watu walilala kwenye vibanda vilivyojengwa ubavuni, na samadi ilizolewa ikatupwa nje ya mlango siku baada ya siku hadi ikawa kilima kidogo. Wazee wa Kikalenjin huwataja wenye mashimo hayo kwa jina la Wasirikwa.

Udongo ulikuwa uleule, na mashimo yaleyale. Sutton aliyauliza swali tofauti tu, na mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza akidhani historia ni kukariri tarehe angefaa apelekwe pale kwanza, kabla ya kuoneshwa maktaba.

Chuo cha umma kilicho karibu ni Egerton, kule Njoro, kusini-magharibi mwa Nakuru. Chuo hicho hakikuanzishwa kwa ajili ya somo hili. Mwaka 1939 Maurice Egerton, lodi wa Tatton kutoka Uingereza, alitoa ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafundishwe ukulima. Mwaka 1950 shule ikawa chuo cha kilimo. Mapema miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya bunge. Historia ilifika kama mgeni kwenye boma la wenyewe, ikapewa nafasi kando ya ngano na ng'ombe wa maziwa. Wengi wanaoisoma huichukua pamoja na somo jingine, nia yao ikiwa ualimu, na nyumbani bado huulizwa itawapa kazi gani.

Mimi naona hakuna mahali panapostahili somo hili kuliko hapo. Tazama mwaka 1938 peke yake. Huko Ngata, kati ya Nakuru na Njoro, lodi alikuwa ameanza kujijengea kasri la mawe. Mwaka huohuo, Mary Leakey na mumewe Louis walikuwa ndani ya pango kando ya mto Njoro, wakitoa mifupa iliyoungua ya watu wapatao 80. Kila maiti ilikuwa imechomwa na kuachiwa vyombo vyake: bakuli la jiwe, mchi, kibuyu, shanga za mawe zilizotobolewa kwa subira ambayo sisi tumeisahau. Watu hao walizikwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Mlowezi akiweka jiwe la kwanza na kuliita shamba lake jipya, chini ya ardhi ileile walikuwa wamelala wenyeji wa zamani zaidi ya hesabu ya mtu yeyote.

Kisha kuna majina. Nakuru ni neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, Njoro ni chemchemi, na Menengai, ile kasoko kubwa juu ya jiji, hukumbusha waliokufa katika vita vya Wamaasai wao kwa wao katika karne ya 19. Waliotoa majina hayo waliondolewa hapa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na Agosti 1904 Wamaasai walitiwa kwenye mapatano ya kuondoka Bonde la Ufa la kati, wengine waende Laikipia, wakiahidiwa kwamba mapatano yatadumu maadamu kabila lao lipo. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 yakaja mapatano mengine, wakatolewa na Laikipia pia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa.

Mashamba yaliyobaki wazi yalihitaji mikono. Wakaja maskwota, wengi wao Wakikuyu, wakipewa kipande cha ardhi cha kulima na kuchungia kwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka, kama sheria ya 1918 ilivyotaka. Baadaye siku zikaongezwa zikapita 240. Mifugo yao ilipoonekana kuwazidi nguvu walowezi, ilikamatwa na kuondolewa mashambani katika miaka ya 1920, na maskwota wakaipa operesheni hiyo jina la Kiswahili: kifagio. Neno la nyumbani kabisa, la kila asubuhi. Neno lenyewe linamwonesha mtu aliyesimama mlangoni akitazama mali yake ikifagiliwa kama taka. Shingoni mwake ananing'iniza kikopo cha chuma chenye kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, kikopo ambacho Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Tumelijua neno kifagio kwa upana kwa sababu mwanahistoria Tabitha Kanogo aliwahoji wazee waliokuwa maskwota, akaandika kitabu chake juu yao na mizizi ya uasi wa Mau Mau. Kilitoka mwaka 1987, uleule ambao Egerton kilipata hadhi ya chuo kikuu.

Wageni wanaotembelea kasri la Ngata husimuliwa habari za mwanamke aliyemkataa lodi. Ni hadithi tamu. Lakini mwanafunzi wa historia akisimama mbele ya kuta zile anapaswa kuuliza nani alichonga mawe, nani aliyabeba, alilipwa nini, na alikula nini mchana. Majibu yake mengine hayamo kwenye faili lolote.

Yamo kwa watu, na watu wanaondoka. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 sasa amevuka 80. Huku Njoro damu ilimwagika Januari 1998, na eneo hili likawaka tena mwanzoni mwa 2008, watu wakigombana nani alitangulia kufika. Kijana aliyesoma tabaka za ardhi hii, Wasirikwa, Wamaasai, walowezi, maskwota, na waliogawiwa mashamba baada ya uhuru, ana jibu ambalo jukwaa la siasa halina. Ndiyo maana nasisitiza kazi ya mwisho ya shahada isiwe ya kunakili vitabu. Mpe mwanafunzi daftari, kinasasauti na nauli ya matatu. Aketi na bibi kizee, aanze kwa salamu na habari za mvua, amwache aseme kwa lugha anayotaka.

Aende Rongai, ashuke Kampi ya Moto. Moto upi? Kambi ya nani? Aulize hapohapo stendi, kwa wazee wanaocheza draft.