Swali Lililochekwa

Wahenga walisema, Kuuliza si ujinga. Hakuna mwalimu asiyeijua methali hii, na wengi huwaandikia watoto ubaoni siku ya kwanza ya muhula. Lakini methali iliyoandikwa ubaoni ni jambo moja, na uso wa mwalimu anapoulizwa neno lisilomo kitabuni ni jambo jingine. Na watoto husoma uso upesi kuliko wasomavyo ubao. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za swali moja lililochekwa katika shule mbili za nchi hii, hata baadaye likavuka bahari, na mpaka leo wataalamu hawajaacha kubishana juu yake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, milimani Usambara, karibu na Lushoto. Vijana wa shule ile walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu yagande. Hawakuyaweka yangali moto, kwa kuwa waliogopa kuharibu chombo. Tena nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba, na aliyechelewa alikosa.

Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, akamwona mwenzake amechanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha hata kidogo, naye anakwenda mbio kuyaweka. Mpemba akatambua ya kuwa akingoja yake yapoe atakuta hapana mahali. Basi akajikaza, akayatia ndani yakiwa ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu vijana wale wawili wakarudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na yale ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Akaenda kwa mwalimu wake wa fizikia, akamwuliza sababu. Mwalimu akamjibu ya kuwa amechanganyikiwa, maana jambo kama hilo haliwezekani. Kijana akakubali, kwa sababu aliyesema ni mwalimu.

Hapa hatupendi kumhukumu mwalimu yule kwa haraka. Mwenye kufundisha darasa zima husikia mengi katika juma moja, na mengi ya hayo kweli ni makosa ya kutazama vibaya au kukumbuka vibaya. Kudhani ya kuwa mtoto amekosea si dhambi. Tena, tukipima kwa haki, swali lenyewe lilikuwa bado bichi. Maziwa ya mmoja yalichemshwa, ya mwingine hayakuchemshwa. Ya mmoja yalikuwa moto, ya mwingine baridi. Tofauti zilikuwa mbili, na hakuna aliyepima kama vipimo vyao vilikuwa sawa. Mwalimu angaliweza kumwambia mambo hayo, na kijana angalijifunza mengi. Alilolikosa ni hili tu, kwamba jokofu lilikuwa pale pale shuleni, na maziwa hayakuwa ghali, wala hakwenda kutazama.

Swali likalala, lakini halikufa. Wakati wa likizo Mpemba alikutana na rafiki yake mjini Tanga, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza na kuuza aiskrimu. Alipomwuliza habari za kazi, yule rafiki akamweleza ya kuwa yeye hutia maziwa yangali moto, kwa kuwa huganda upesi. Kwake yeye halikuwa jambo la ajabu, wala hakuhitaji kanuni ya kumruhusu. Wateja walikuwa wakingoja, naye alitaka mali iwe tayari. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika elimu: mpishi, mvuvi au mhunzi anajua jambo miaka mingi kabla msomi hajaliona, lakini hakuna anayemwuliza.

Baadaye Mpemba alifaulu mtihani wake, akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Huko walipoanza masomo ya joto walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Kanuni hii yasema hivi: kitu chenye joto hupoteza joto lake kwa mwendo unaolingana na tofauti iliyopo kati ya joto lake na joto la mahali kilipo. Chenye joto nyingi hupoa mbio. Kikisha karibia baridi ya mahali pale, hupoa polepole. Mpemba akalileta tena swali lake. Mwalimu wa huko naye akamjibu ya kuwa amechanganyikiwa. Kijana alipozidi kushindana, mwalimu akakata maneno, akasema ya kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Darasa likacheka. Tangu siku ile kila alipokosea hesabu aliambiwa ya kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba, na jina lake likawa methali ya mzaha.

Na tuulize, nini hasa kililifanya swali lile lionekane la kipumbavu? Sababu iko wazi, na mtu yeyote mwenye kufikiri ataiona. Maji yenye joto la digrii 100 hayawezi kufika kwenye barafu ila yapite kwanza kwenye digrii 35. Yakifika hapo yamekwisha kupoteza muda, na yale yaliyoanza kwenye digrii 35 yamekwisha kutangulia mbele. Basi atawezaje aliyeanza nyuma kumpita aliye mbele, ikiwa njia ni moja na tangu hapo mwendo wao ni sawa? Hoja hii ni nzuri, lakini ndani yake limefichwa neno moja ambalo hakuna aliyelichungua. Yadhani ya kuwa maji yaliyoshuka kutoka digrii 100 hata 35 ni yale yale kwa kila hali kama maji yaliyoanza kwenye 35. Je, ni yale yale? Yaliyochemka yamepoteza mvuke, kwa hiyo huenda yamepungua. Yamepoteza pia hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Tena chombo cha moto kikiwekwa juu ya utando wa theluji uliomo ndani ya jokofu huuyeyusha, kikashikamana na ubaridi wa chini, lakini chombo cha baridi hukaa juu ya utando ule kama mtu aliyelala juu ya blanketi. Kanuni ya Newton haikusema uongo. Iliulizwa habari ya joto peke yake, ikajibu habari ya joto peke yake. Walioitumia kumnyamazisha kijana ndio waliolifanya jibu lake kuwa pana kuliko lilivyokuwa.

Siku moja alasiri Mpemba alikuta maabara ya biolojia i wazi, wala hapana mwalimu. Akatwaa bilauri mbili zilizo sawa, moja akaitia maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu la maabara. Baada ya saa moja akaona ya kuwa barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyokuwa na maji ya moto. Tazameni jinsi swali lilivyokua. Maziwa yametoka, sukari imetoka, tofauti ya kuchemshwa na kutochemshwa karibu imetoka. Yamebaki maji, vipimo sawa, na joto. Wale waliomcheka hawakumsaidia, lakini hawakumzuia kulinoa swali lake.

Ndipo akaja shuleni Dr. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuwahutubia wanafunzi. Alipomaliza akawapa nafasi ya kuuliza. Mpemba akasimama, akauliza: mtu akitwaa maji ya vipimo sawa katika vyombo viwili, mamoja ya digrii 35 na mengine ya digrii 100, akayaweka katika jokofu, yale ya digrii 100 huganda kwanza, sababu yake ni nini? Mgeni akatabasamu, akataka alirudie swali. Kisha akamwuliza kama ni kweli, na kama amelifanya jambo hilo kwa mikono yake. Kijana akaitika. Dr. Osborne akasema ya kuwa sababu haijui, lakini akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam.

Wanafunzi wenziwe waliona haya. Walisema amewaaibisha mbele ya mgeni, na wengine wakamwuliza kama aliielewa ile sura ya Newton. Sisi twaona ya kuwa kama siku ile Iringa kulikuwa na swali la kipumbavu, ndilo hilo. Lina umbo la swali, lakini halingoji jibu. Aliyeuliza hakutaka kujua kama Mpemba ameielewa sura ile au hakuielewa. Alitaka anyamaze na aketi. Yule mgeni naye aliuliza, tena aliuliza kwa mashaka, maana hata yeye alidhani kijana huenda amekosea. Lakini swali lake lilikuwa na mlango wa kutokea: umeliona? Ndiyo au siyo, na baada ya hapo kuna kazi ya kufanya. Mashaka hayamwumizi mwanafunzi, iwapo yanampeleka kwenye jokofu.

Dr. Osborne alitimiza ahadi yake. Alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Yule fundi akarudi na habari ya kuwa maji ya moto kweli yaliganda kwanza, lakini akaongeza kwa moyo safi ya kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa. Twacheka tukisoma hayo, na tucheke kwa upole, maana fundi yule alikuwa mtumishi mwaminifu wa kitabu. Waliporudia, mambo yakawa yale yale. Dr. Osborne akachunguza zaidi. Alipotandaza mafuta kidogo juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa muda wa saa kadha, ndipo akatambua ya kuwa sehemu kubwa ya joto hutokea kwa juu. Mwaka 1969 habari hizo zilichapishwa Uingereza katika jarida la walimu wa fizikia, na jina la kwanza juu ya karatasi lilikuwa la Mpemba, la pili la Osborne. Wakati ule Mpemba alikuwa akisomea utunzaji wa wanyama wa pori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Mwaka ule ule mtaalamu mmoja wa Kanada, George Kell, aliandika juu ya jambo hilo hilo bila kujua habari za Iringa.

Hapo watu wenye kusoma vitabu vya kale walianza kupekua. Wakaona ya kuwa Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwataja watu wa nchi ya Ponto waliovua samaki juu ya barafu, jinsi walivyomwagia mianzi yao maji ya moto ili yagande upesi. Francis Bacon alilitaja jambo hilo mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Basi swali lililoitwa la Mpemba peke yake lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa wakuu wa elimu. Lilisahauliwa wakati kanuni ya joto ilipopata nguvu vitabuni, kama mgeni asiyepewa kiti kwa sababu mwenye nyumba hakumpangia.

Yatubidi kusema pia upande wa pili, ili msomaji asidhani ya kuwa kijana alishinda na shauri limekwisha. Mwaka 2012 chama kikuu cha wanakemia wa Uingereza kiliwaalika watu waeleze sababu ya jambo hili, yakaja maelezo kama 22,000, wala hapana moja lililomaliza maneno. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao ya maji, nao walisema ya kuwa hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo lenyewe lipo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha jambo la namna hiyo, si kwa maji yanayoganda, bali kwa chembe ndogo mno iliyo ndani ya maji, ambayo ikianza na joto nyingi hufika kwenye ubaridi kwanza. Kwa hiyo huenda habari ya maji ikaonekana siku moja kuwa si kweli kwa kila chombo na kila jokofu. Je, hapo swali litageuka kuwa la kipumbavu? Hatuoni hivyo. Waliolichunguza wamejifunza habari za mvuke, za hewa ndani ya maji, za theluji chini ya chombo, na za maji yanayopita kipimo cha kuganda bila kuganda. Mambo ambayo jibu la kuwa kijana amechanganyikiwa lisingalimfundisha mtu yeyote.

Shule nyingi leo zina jokofu, japo moja nyumbani kwa mwalimu au katika duka la jirani. Mwalimu atakayependa kujaribu na darasa lake atwae vyombo viwili vya namna moja, maji ya kisima kimoja, vipimo sawa kabisa, aviweke kwenye ubao mkavu ili theluji ya chini isimpendelee yeyote, na kwanza wakubaliane kama kuganda maana yake ni utando wa kwanza juu ya maji au ni chombo kizima kuwa jiwe. Akiwa na vipimajoto viwili, avitumbukize kwa kina kimoja. Burridge na Linden waliona ya kuwa tofauti ya sentimeta moja tu yatosha kuwadanganya watu wazima. Kisha afunge mlango wa jokofu, na kila mtoto aandike katika daftari lake anachodhani kitatokea, kabla haujafunguliwa tena.