Vyuo vya Bukavu: mlango uko wazi, lakini kwa nani?

Bukavu ni mji wa wanafunzi. Mwaka 1989 Kanisa Katoliki lilifungua UCB. Waprotestanti nao wakaanzisha UEA, kule Panzi. Vyuo viliongezeka, lakini namna ya kufundisha ilibaki ileile: ukumbi umejaa, kelele, profesa anasoma, wanafunzi wanaandika mbio.

Kwa kijana mwenye usonji, au yule ambaye herufi zinamchanganya, hapo ni pagumu. Daktari Leo Kanner alieleza usonji huko Marekani mwaka 1943. Kwetu, watoto wa namna hiyo waliendelea kuitwa wajinga au wenye mapepo. Mwaka 1994 Bukavu ilipata kituo cha SOSAME cha kutunza wagonjwa wa akili. Lakini usonji si wazimu. Ni akili inayofanya kazi kwa njia yake.

Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kipengele cha 24 kinataja hata masomo ya juu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe.

Halafu Februari 2025 M23 iliingia mjini, na familia nyingi zikakimbia. Kijana anayeshikilia utaratibu wa kila siku, akipoteza nyumba na masomo, anaumia mara mbili.

Silabusi itolewe mapema, muda wa mtihani uongezwe, chumba kitulivu kitafutwe: hayo hayahitaji pesa nyingi. Wazazi, hata mkiwa ukimbizini, mwombeeni mtoto wenu hayo. Ni haki yake, si huruma.