Idhini ya Kuona: Ndoto ya Mchana ya Freud na Ngano za Wahaya

Mhadhara alioutoa Sigmund Freud huko Vienna mwaka 1907, na kuchapishwa mwaka 1908, ni miongoni mwa misingi ya saikolojia changanuzi katika uhakiki wa fasihi. Kwa mujibu wa Freud, mtunzi ni mwotaji wa mchana. Mtoto hucheza waziwazi. Mtu mzima huuendeleza mchezo huo kwa njozi, lakini huzionea haya na kuzificha. Mtunzi hufaulu kuzidhihirisha kwa kuwa huzifunika kwa uzuri wa umbo.

Kielelezo cha Freud ni mwandishi aliye peke yake. Ngano za Wahaya, ambao Bukoba na Muleba ni sehemu ya nchi yao, zinalitia dai hilo katika mizani. Peter Seitel alichapisha mkusanyo wa ngano hizo mwaka 1980, na jina la kitabu chake limetokana na fomula ya ufunguzi: hadhira humtaka msimuliaji aone, ili nayo ipate kuona. Ndipo msimuliaji hutamka kwamba aliona.

Majibizano hayo yanageuza mpangilio wa Freud. Msimuliaji hafichui siri yake, ametumwa. Njozi inatanguliwa na idhini, na wajibu wa kile kitakachoonekana unabebwa na wote waliopo. Ndoa, chakula na hofu ya bibi arusi aliye kati ya nyumba mbili ni mambo yasiyosemeka kwa urahisi barazani. Katika ngano husemwa bila mtu yeyote kuaibika.

D. W. Winnicott, katika kitabu chake cha mwaka 1971, anakaribia zaidi hali hii anapouweka ubunifu katika eneo lililo kati ya nafsi na ulimwengu wa nje. Hata hivyo, kwake eneo hilo huchipuka kutokana na imani ya mtoto kwa mama. Kwa Wahaya hufunguliwa kwa maneno, kila ngano inapoanza.

Hapa pana funzo kwa wahakiki na wahariri. Ngano inapochapishwa bila fomula yake, iwe ya Kihaya au “Paukwa! Pakawa!” ya Kiswahili, idhini hukatwa, na kilichokuwa maono ya wengi husomwa kama ndoto ya mmoja. Kosa hilo huanza katika unukuzi, kabla nadharia yoyote haijatumika.