Ng'ombe, Nyayo na Hazina: Madai ya Fidia ya Walowezi katika Mpaka wa Mashariki wa Koloni la Rasi

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ni masuala machache yaliyousumbua utawala wa Waingereza katika Koloni la Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kama swali la nani alipe mali iliyopotea mpakani kwa vita au kwa wizi wa mifugo. Mlowezi, yaani Mzungu aliyepewa ardhi na serikali ya kikoloni ili aishi humo na kuitumia, aliamini kwamba serikali iliyomweka mpakani ilipaswa kumlinda, na kwamba iliposhindwa kumlinda ilibaki na deni kwake. Serikali kwa upande wake ilishikilia kwamba wa kulipa ni aliyechukua, na machoni pa maofisa wake aliyechukua alikuwa Mxhosa, mwenyeji wa nchi ya mpakani. Kwa njia hiyo mzigo wa malipo ulikuwa ukitupwa mara kwa mara juu ya watu ambao hasara yao wenyewe haikuingia katika daftari lolote la madai.

Ardhi yenyewe iliyodaiwa kulindwa ilikuwa imepatikana kwa nguvu. Katika miaka ya 1811 na 1812 majeshi ya koloni yaliwafukuza watu wapatao 20,000 wa chifu wa Kixhosa Ndlambe kutoka Zuurveld, nyanda za malisho zilizo magharibi ya Mto Fish, yakachoma nyumba zao na kuyateketeza mashamba yao kabla ya mavuno. Miaka minane baadaye, mwaka 1820, serikali ya Uingereza iliwaleta walowezi wapatao 4,000 na kuwagawia viwanja katika nyanda hizo hizo, bila kuwaeleza waziwazi kwamba walikuwa wakipandwa kama ua wa kuwazuia wenye nchi wasirudi kwao. Wengi wao walikuwa mafundi na watu wa mijini wasiojua kilimo. Ngano yao iliharibiwa na ugonjwa wa kutu, wakageukia ufugaji na biashara, na hivyo mali yao yote ikawa ni kitu kinachotembea kwa miguu na kinachoweza kuswagwa usiku mmoja hadi ng'ambo ya mto.

Kabla ya walowezi hao kufika, Gavana Lord Charles Somerset alikuwa amekwisha kuweka utaratibu wa kudai mifugo. Mnamo Aprili 1817 alikutana na chifu wa Kixhosa Ngqika karibu na Mto Kat na kumtaka awajibike kwa wizi wote, ingawa Ngqika alieleza kwamba machifu wenzake hawakuwa chini ya amri yake. Utaratibu uliozaliwa hapo ulijulikana kama sheria ya nyayo: mwenye mali aliyeibiwa alifuata alama za kwato pamoja na askari, na boma la kwanza ambamo nyayo ziliishia, au hata lile ambalo nyayo zilipotelea jirani yake, lililazimika kurudisha ng'ombe waliopotea au kutoa wengine wa idadi hiyo hiyo. Sheria hiyo haikumtafuta mwizi, bali ilimtafuta wa kulipa. Ng'ombe aliyepotea porini kwa uzembe wa mchungaji, au aliyeliwa na simba, aliweza kuhesabiwa kuwa ameibwa. Na boma lililolipa leo kwa kosa la wageni waliopita usiku liliweza kutakiwa kulipa tena kesho. Kwa Mxhosa, ambaye ng'ombe kwake ni mahari ya mwanawe, sadaka kwa wahenga na maziwa ya watoto, kuondolewa kundi kwa sababu ya alama za kwato mavumbini kulikuwa ni kubomolewa nyumba. Ikiwa kuna jambo moja linaloeleza hasira iliyolipuka baadaye, ni huu msururu wa doria zilizoingia mabomani mwaka baada ya mwaka zikiwa na bunduki mkononi na hesabu mdomoni.

Mwaka 1829 serikali ilimfukuza chifu Maqoma, mwana wa Ngqika, pamoja na watu wake kutoka bonde la Mto Kat, na katika miaka iliyofuata waliruhusiwa kurudi sehemu za karibu na kuondolewa tena. Mnamo Desemba 1834 doria moja ilimjeruhi Xhoxho, ndugu wa Maqoma, na kabla ya Krismasi maelfu ya wapiganaji wa Kixhosa, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa 12,000, walivuka mpaka. Taarifa rasmi za hasara ya walowezi ziliorodhesha nyumba 456 za mashambani zilizochomwa, nyingine 350 zilizoporwa na kuharibiwa kwa sehemu, magari 60 ya kukokotwa na maksai, farasi 5,715, ng'ombe 111,930 na kondoo 161,930. Gavana Sir Benjamin D'Urban aliripoti kwamba watu 7,000 waliachwa mikono mitupu kwa muda wa wiki moja, na wengi wa wakimbizi hao walijazana katika mji wa Grahamstown wakiishi kwa posho. Dhiki yao ilikuwa ya kweli na haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa mtoto aliyelala kanisani kwa kukosa paa hakuwa ametunga sera ya mpaka. Hata hivyo, ni usahihi wenyewe wa tarakimu hizo, ulioshuka hadi farasi watano wa mwisho, unaoonyesha hasara ya nani ilistahili kuhesabiwa, maana majeshi ya koloni nayo yalichoma vijiji vya Waxhosa, yakateketeza maghala ya nafaka na kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe, ambao baadhi yao waliishia kuwa chakula cha askari.

Dai kubwa kuliko yote lilimwangukia Hintsa, mfalme wa Wagcaleka na mkuu wa heshima wa Waxhosa wote, aliyeishi ng'ambo ya Mto Kei, mbali na uwanja wa mapigano. D'Urban alimtuhumu kwa kuwahifadhi ng'ombe walioporwa, na Hintsa alipoingia katika kambi ya Waingereza mwishoni mwa Aprili 1835 ili kuzungumza, alitakiwa kulipa ng'ombe 50,000 na farasi 1,000, nusu mara moja na nusu baada ya mwaka mmoja. Mtu aliyekuja kama mgeni wa mazungumzo aligeuzwa kuwa rehani ya deni. Tarehe 12 Mei, alipokuwa akiongozana na kikosi cha Kanali Harry Smith kwenda kukusanya ng'ombe hao, alijaribu kutoroka, akapigwa risasi, na akauawa alipokuwa amejificha katika kijito. Maiti yake ikakatwakatwa. Siku mbili kabla ya kifo hicho D'Urban alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kei ni mali ya Uingereza, chini ya jina la Mkoa wa Queen Adelaide, na walowezi wengi walitarajia kwamba mashamba humo yangekuwa sehemu ya kifuta jasho chao.

Matarajio hayo yalizimwa na London. Katika barua yake ya tarehe 26 Desemba 1835, Waziri wa Makoloni Lord Glenelg, aliyeathiriwa na wanaharakati wa kutetea haki za wenyeji wakiongozwa na mbunge Thomas Fowell Buxton, alieleza kwamba Waxhosa walikuwa na sababu za kutosha za kuingia vitani kutokana na waliyotendewa kwa miaka mingi, na akaagiza mkoa mpya uachwe. Mantiki ya hoja hiyo iligusa fidia moja kwa moja, kwani ikiwa vita vilitokana na dhuluma ya koloni lenyewe, haikuwa rahisi kumtaka mlipa kodi wa Uingereza abebe gharama zake. Madai ya fidia ya jumla kwa walowezi yalikataliwa. Gazeti la Grahamstown lililohaririwa na Robert Godlonton lilikuwa msemaji mkali wa walowezi, likiwataja kuwa watu wasio na hatia waliosingiziwa na wamishonari.

Uchungu wa walowezi ulizidi kwa sababu Hazina ya Uingereza ilikuwa, wakati huo huo, ikilipa fidia ya aina nyingine. Sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa katika makoloni, na Koloni la Rasi lilipata takriban pauni milioni 1.2 kwa watumwa zaidi ya 35,000, watu ambao asili yao, au ya wazee wao, ilikuwa Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Mashariki ya mbali. Fedha hizo zilikuwa pungufu sana ya thamani iliyokadiriwa na zililipwa London, hivyo wamiliki wengi waliuza hati zao kwa mawakala kwa bei ya chini. Piet Retief, Kaburu (yaani mlowezi wa jamii iliyozungumza Kiholanzi) aliyekuwa kamanda wa wilaya ya Winterberg, aliyaunganisha malalamiko hayo mawili katika tamko lake la mwaka 1837, akitaja hasara ya kuachiwa kwa watumwa na hasara ya uporaji mpakani miongoni mwa sababu za maelfu ya Makaburu kuondoka kwenda kaskazini katika Safari Kuu. Katika malalamiko hayo mtumwa na ng'ombe walisimama mstari mmoja, kama mali iliyompotea mwenyewe. Aliyekuwa mtumwa, aliyelazimishwa kuendelea kumtumikia bwana wake hadi Desemba 1838, hakulipwa chochote.

Andries Stockenström, aliyewekwa kuwa naibu gavana wa wilaya za mashariki, aliifuta sheria ya nyayo kwa mikataba aliyotiliana na machifu mnamo Desemba 1836. Kwa mara ya kwanza mzigo wa uthibitisho ulimwangukia mdai: mfugaji hakuweza kudai ng'ombe ambao hawakuwa na mchungaji mwenye silaha, wala ambao hakuwafuatilia mara alipogundua wizi, na madai yaliyovuka mpaka yalipitia kwa mawakala na machifu badala ya kwenda na doria. Walowezi waliichukia mikataba hiyo, wakaipinga kwa maombi na kwa magazeti, na Gavana Sir Peregrine Maitland akaibatilisha mwaka 1844. Vita vilianza tena mwaka 1846. Mnamo Desemba 1847 Harry Smith, sasa akiwa gavana, aliitwaa tena nchi kati ya Mto Keiskamma na Mto Kei, ile ile iliyorudishwa miaka kumi na moja nyuma, na Maqoma alilazimishwa kulala chini mbele yake ili gavana amkanyage shingoni.