Wazazi Walioungana: Pesa za Utafiti wa Selimundu Zilitoka Wapi?

Leo tuache kidogo mambo ya chanjo na uji wa mtoto. Nataka niwasimulie historia, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni kazini, mama mmoja alileta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, vidole vya mikono na miguu vimevimba, analia akiguswa. Nilimpa dawa ya malaria. Sikumwuliza kama amewahi kuzika mtoto mwingine. Alikuwa amezika wawili, na kijijini walisema ni mkono wa mtu. Baadaye shangazi yake aliyeolewa Uganda alimvusha mpaka, wakaenda Mbale, na huko damu ikapimwa. Ilikuwa selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita.

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa, na mtoto akapata maumivu, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba mtu wa namna hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa huu umejaa kandokando ya ziwa na Pwani, penye mbu wengi. Kwa hiyo mama, usikubali kuambiwa umerogwa.

Sasa tuvuke bahari kidogo, nitawarudisha Mbale. Marekani ina watu wengi ambao mababu zao walichukuliwa Afrika utumwani, na selimundu ilikwenda nao. Mwaka 1970 daktari Robert Scott wa Richmond, Virginia, aliandika akilinganisha magonjwa ya kurithi. Watoto waliozaliwa na selimundu kila mwaka walikuwa karibu sawa kwa idadi na wale waliozaliwa na ugonjwa mmoja wa mapafu unaowapata zaidi wazungu. Lakini michango ya hiari kwa ugonjwa ule wa mapafu ilikaribia dola milioni 2, na kwa selimundu haikufika dola 100,000. Serikali nayo ilitoa fedha za utafiti kwa mwendo huohuo.

Wazazi wa watoto wenye selimundu walikuwa na vikundi, ila kila mji na chake. Mwaka 1971 wajumbe wa vikundi 15 walikutana Racine, jimbo la Wisconsin, wakaunda chama kimoja cha taifa. Mwaka huohuo Rais Nixon aliliambia Bunge kwamba fedha za selimundu zitaongezwa mara tano, zifike dola milioni 6. Tarehe 16 Mei 1972 alitia sahihi sheria ya selimundu.

Hapo ndipo ninapopenda zaidi hadithi hii, kwa sababu haikwenda sawa. Wazazi wa watoto wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu, wengi wao wenye asili ya Italia na Ugiriki, waliuliza: na sisi je? Wakapata sheria yao miezi michache baadaye. Wayahudi nao walikuwa na ugonjwa wao wa kurithi, Tay-Sachs. Kama kila ugonjwa ungetaka sheria yake, wabunge wangechoka. Mwaka 1976 magonjwa hayo matatu na mengine ya kurithi yaliwekwa chini ya sheria moja. Weusi, Waitalia na Wayahudi, watu ambao pengine hawakuwa wakila meza moja, walipitia mlango mmoja.

Pesa zilifanya nini? Kuanzia 1983, watoto 215 wenye selimundu, wote chini ya miaka mitatu, waligawanywa makundi mawili: wengine walimeza penisilini mara mbili kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwani maambukizi makali ya damu yalipungua kwa asilimia 84 kwa waliomeza penisilini, na haikuwa haki kuwanyima wenzao. Mama, ile penisilini tunayokuambia umpe mtoto asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, inatoka hapo. Ukiona mtoto yuko mzima ukaiacha, umeacha kile kinachomfanya awe mzima.

Turudi nyumbani. Mwaka 2014 Uganda ilitaka kujua selimundu imeenea wapi. Badala ya kuanza upya, walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yamekusanywa kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga. Walipima sampuli 97,631. Watoto 13 hivi katika kila 100 walikuwa wamerithi kwa mzazi mmoja, na 7 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Pesa zilizotafutwa kwa ugonjwa mmoja ziliufumbua macho mwingine.

Kisha kuna dawa ya haidroksiyurea. Madaktari waliogopa kuwapa watoto wetu kwa sababu ya malaria. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwafuata watoto 606 katika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria nayo ikapungua. Hata hivyo hutolewa na daktari, na damu hupimwa kila mara, usinunue dukani. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na taasisi ya serikali ya Marekani ya moyo, mapafu na damu, ileile iliyokabidhiwa kazi ya selimundu baada ya sheria ya 1972. Kilio cha wazazi wa Racine kilifika Mbale, safari fupi kutoka Malaba.

Mimi hufurahi, kisha huona haya kidogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya sayansi, teknolojia na ubunifu inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Hatujui kuomba? Tunajua. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini walikuwa na vikundi vingi, kama KENWA cha akina mama kilichoanza 1993, na mwaka 2003 mtandao wa taifa, NEPHAK, ukaundwa.

Katika kikao kimoja cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nilikaa nyuma nikisikiliza. Wazazi wa selimundu walisimama wakaomba lao. Wa kisukari cha watoto wakasimama wakaomba lao. Wa kifafa hawakufika. Tangu hapo vikundi hivyo vitatu vimekubaliana kuandika barua moja, na wanahitaji hesabu: watoto wangapi, wa umri gani, wanatoka wapi. Ukija kliniki, njoo na kijitabu cha mtoto, na uniambie pia wale uliowapoteza. Safari hii nitauliza.