Kutafuta Uwanja Komarock

Natembea Komarock, kutoka Barabara ya Kangundo kuingia ndani, nikitafuta uwanja ambao kanuni za zamani za kupima kelele za redio zingeukubali. Uwe tambarare, usizungukwe na ukuta, mti wala nguzo ya umeme, na chini ulazwe sakafu ya chuma. Kifaa huwekwa juu ya meza inayozunguka. Mita 3 au 10 kutoka hapo antena hupandishwa kutoka mita 1 hadi 4, kunasa mawimbi yanayovuja. Kabla Kenya Building Society haijajenga nyumba hizi, upande huu ungefaa. Sasa kuna magorofa, mabati na milingoti ya simu.

Nairobi ilianza kupata matangazo ya redio mwaka 1928. Redio zilipoenea, kelele zake nazo zikahitaji kupimwa: Juni 1934, CISPR, kamati ya kimataifa inayoshughulikia kelele za redio, ilikutana Paris kwa mara ya kwanza. Uwanja wazi ndio uliokuja kuwa hakimu wa vipimo vya kelele hizo, na kilichouangusha ni miji kukua. Mpaka wa mawimbi yanayoruhusiwa kuvuja kutoka kifaa cha nyumbani, kwa mita 10, kati ya megahezi 30 na 230, ni takriban mikrovolti 32 kwa mita. Humo humo ndimo zinamotangazia stesheni za FM, megahezi 88 hadi 108. Ni kumsikiliza mnong'onaji katikati ya soko la Gikomba.

Wahandisi wakahamia ndani. Chumba cha chuma huzuia mawimbi ya mji, ila ya kifaa chenyewe hudunda ukutani, kwa hiyo kuta huvikwa vigae vya feriti na piramidi za sponji yenye kaboni. Hata hivyo chumba hicho hakiaminiwi mpaka kioneshe kwamba hakitofautiani na uwanja kamili kwa zaidi ya desibeli 4. Uwanja umekimbiwa, lakini bado unatoa hukumu!

Gharama za vyumba hivyo ni kubwa, na hapo ndipo masanduku yalipopata nafasi. Mwaka 1974 Myron Crawford, wa taasisi ya vipimo ya Marekani huko Boulder, alieleza seli ya TEM: kasha la chuma lenye bamba katikati, kifaa kikikaa kati ya bamba na ukuta. Ukilikuza liingie kifaa kikubwa, unapoteza masafa ya juu. Haja ya kupima nayo ilikua: mwaka 1979 Marekani ikaziwekea kompyuta mipaka ya kelele, na kompyuta ya TRS-80 Model I ikaondoka sokoni 1981 kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine.

Mwaka 1987 ikatoka Uswisi seli ya GTEM, piramidi iliyolazwa ubavu, inayofanya kazi hata kwa masafa yanayopita gigahezi moja. Hiyo ningeitafutia chumba Komarock bila kusita. Kifaa hugeuzwa pande tatu, kisha hesabu hukadiria kingesomekaje uwanjani. Kinachosumbua ni nyaya: redio iliyofungwa kwenye boksi lake hupimika vizuri, lakini kompyuta yenye nyaya za skrini, spika na umeme hubadilisha majibu kila waya unaposogezwa, na mara nyingi waya ndio unaovujisha kuliko boksi.