Viungo vya chini ya ukurasa na nafasi ya tovuti katika Google

WENYE tovuti wengi hurundika viungo katika sehemu ya chini kabisa ya kurasa zao wakitaraji kupanda juu katika matokeo ya Google. Tarajio hilo lilikuwa na msingi zamani. Leo laweza kuwaponza.

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza mfumo wa PageRank. Humo, kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa fulani kilihesabiwa mithili ya kura. Ukurasa uligawa uzito wake sawasawa kwa viungo vyake vyote, viwe juu au chini.

Wajanja waliona mwanya. Kiungo kikiwekwa sehemu ya chini hujirudia katika kila ukurasa, hivyo tovuti yenye kurasa 1,000 huzaa viungo 1,000 kwa mpigo. Biashara ya kuuza nafasi hizo ikashamiri.

Hata hivyo, mwaka 2004 Google iliomba hataza, iliyotolewa mwaka 2010, inayoeleza kuwa uzito wa kiungo waweza kutegemea uwezekano wa msomaji kukibofya. Mahali kilipo kiungo na ukubwa wa maandishi yake ni miongoni mwa vigezo vilivyotajwa. Aprili 2012, kampuni hiyo ilizindua mfumo wa Penguin, na tovuti zilizotegemea viungo vya hila zikaporomoka. Kanuni zake zinakataza viungo vilivyotapakazwa chini ya kurasa za tovuti mbalimbali kwa nia ya kujipandisha.

Je, viungo hivyo viondolewe? La. Ndani ya tovuti yako mwenyewe, vinamwelekeza msomaji kwenye anwani, masharti na sera ya faragha, na kuisaidia Google kuzifikia kurasa zilizojificha. Muhimu ni viwe vichache na vyenye manufaa. Ukurasa unaoutegemea kibiashara uunganishe pia kutoka ndani ya makala, kwa maneno yanayoeleza wazi yaliyomo.

Mtengenezaji wa tovuti anayeacha jina lake chini ya kurasa za wateja atumie alama ya nofollow, iliyoanzishwa mwaka 2005, kuashiria kwamba kiungo hicho si kura.

Anayeahidiwa mamia ya viungo kwa malipo na akumbuke: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.